Chaki za Mzee wa Matairi

Hapana, hakulewa. Najua mtaniuliza hilo, kila mtu anaanzia hapohapo. Anakaa, anashika kikombe, anapuliza uji, halafu analeta swali kwa upande kama anaulizia mvua. Mzee wa Matairi hakunywa. Siku moja nilimwonjesha togwa yangu iliyolala siku mbili, akaitema mchangani, akaniambia, "Mama Deo, hii imeshaanza kuongea." Kwa hiyo habari ya pombe iacheni. Siku ile aliamka na akili zake, alinisalimia, aliulizia mguu wangu unaouma. Kilichotokea kina mkono wa mtu mwingine ndani yake, na huyo mtu mnakunywa uji wake sasa hivi. Nitafika. Msinikimbize, mimi sina injini.

Kijiwe chake kilikuwa pale mnapoona lile rundo la tairi zilizoota majani, hapahapa Misunkumilo, barabarani kabisa. Mimi upande huu na sufuria zangu, yeye upande ule na jeki, spana ya msalaba na pampu ya upepo inayokohoa kuliko mimi. Miaka mingi hivyo. Mwanangu wa mwisho, Deo, anaendesha gari ya abiria ya Usevya, na gari ile haikuguswa tairi na mkono mwingine. Yaani mimi nilikuwa nakoroga uji huku natazama mikono ambayo mwanangu na watu wote nyuma yake wameiegemea kila siku ya Mungu. Ukikaa hivyo, unaijua mikono ya mtu kuliko mkewe anavyoijua.

Alikuwa mrefu, mkavu, Mpimbwe wa huko huko Usevya, na sauti yake ilitoka polepole kama mtu anayechomoa msumari kwenye tairi huku hataki upepo utoke. "Maa-ma Dee-o." Nilikuwa namwiga mbele yake. Anatulia, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Hapo mwisho umenikosea, mimi sivuti hivyo." Na anavuta hivyohivyo. Tulikaa namna hiyo.

Pancha aliziba, upepo alijaza, lakini kazi aliyoipenda ni kuzungusha tairi. Ya mbele iende nyuma, ya nyuma ije mbele. Gari ikishamwaga oili mara mbili, ije. Hakuna kusubiri mpaka ipige kelele. Wengi hawakumwelewa. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, katoka Dar na kigari chake kidogo, akamwambia kwa pua, "Jamani mzee, tairi nzima unanitolea ya nini? Mimi nimekuja kujaza upepo tu." Mzee hakubishana. Alimwambia ainame, apitishe kiganja pembeni ya tairi ya mbele. Kapitisha. Haya, sasa ya nyuma. Kapitisha. Ile ya mbele kashata zake, yale meno ya mpira, zilikuwa zimelika upande mmoja kama sabuni ya kaya ya watoto saba, ya nyuma bado ina meno yote.

"Ya mbele inabeba, inakata kona, inashika breki," akamwambia. "Ya nyuma inafuata tu. Ukimwacha mmoja ateseke peke yake, siku atakayochoka hatakuuliza uko wapi."

Mwalimu alikaa kwenye benchi langu mpaka kazi ikaisha. Na mimi nisiye na gari, jioni nilikwenda nyumbani nikageuza godoro.

Sasa sikilizeni alivyokuwa anafanya, maana yote yaliyotokea yamo humo.

Kwanza chaki. Hagusi nati kabla ya chaki. Tairi ya mbele kushoto anaichora kijistari kimoja, mbele kulia viwili, nyuma kushoto vitatu, nyuma kulia vinne. Mimi shule niliiona kwa nje nikipeleka watoto, hata jina langu sijui linaandikwaje, lakini chaki za mzee yule nilizisoma. Ndiyo maandishi pekee niliyowahi kuyasoma duniani. Halafu, gari ikiwa bado imesimama chini kwa miguu yake, analegeza nati kidogo kidogo, maana ukishapandisha jeki gurudumu linazunguka hovyo na spana haina pa kushikia. Ndipo anapandisha. Anavua kofia yake ya kufuma, anaiweka mchangani, nati zote zinaingia humo. Akirudisha tairi anakaza moja, anaruka, anakaza ya upande wa pili, anaruka, kama mtu anayechora nyota. Akimaliza anakata mstari wa kulala juu ya vile vijistari. Maana yake hii imekazwa, usiulize. Na kofia ikiwa tupu anaikung'uta, anaivaa. Dereva alikuwa haruhusiwi kuwasha gari mpaka aione ile kofia kichwani.

Katikati ya hayo yote usimsemeshe. Hata ukimwambia nyumba yake inaungua atakujibu nati ikishakaza. Siku moja walikuja watu wa harusi wanakwenda Magamba, bibi harusi mzima na shela lake, gari inayumba mbele. Mzee aliwashusha wote. Mama mmoja mwenye kilemba kikubwa akaanza, "Mzee, tunachelewa kanisani, padri atakasirika." Mzee kimya. "Mzee, huyu ni bibi harusi." Kimya. Bibi harusi alikaa kwenye ndoo yangu ya maji nimeigeuza, anakula chapati, shela kaliweka begani. Mzee alipovaa kofia ndipo akamgeukia yule mama, akamwambia taratibu kwamba padri akikasirika ni leo tu. Mimi nilicheka mpaka uji ukaungua.

Lakini huyo aliyekuwa mkali kwa magari ya watu, baiskeli yake mwenyewe ilikuwa na tairi zenye vipara viwili vinavyong'aa. Nilimwuliza, mbona hii ya kwako huizungushi? Akasema baiskeli inajua njia. Na yeye anayehubiri kila kitu kihamishwe, nyumbani kwake hakuna kilichohama tangu mkewe afe. Kiti palepale, kitanda palepale, kandambili za marehemu palepale mlangoni. Binti yake aliwahi kusogeza meza tu, mzee akala chakula chake amesimama siku tatu.

Nilikuwa nalisimulia hilo kwa kucheka. Sasa ndiyo naona lilikuwa linanipungia mkono. Mtu asiyetaka kitu kihame nyumbani, labda ameanza kusahau vitu vilipo.

Ilianza kidogo. Alinisalimia mara mbili asubuhi moja. Nikamjibu mara mbili, nikaongeza shikamoo ya utani juu. Kesho yake akanisalimia mara tatu. Halafu akaja kulipa chai aliyokuwa ameshalipa, nikamrudishia, akanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda, macho ya mtu anayesikia anaitwa lakini haoni nani. Halafu siku moja alizungusha tairi za pikapu ya mganga wa mifugo, akakata mistari, akavaa kofia, akanywa maji. Dereva hajaja bado. Mzee akaitazama ile gari, akavua kofia, akaanza upya. Mwisho tairi zote nne zilikuwa zimerudi palepale zilipotoka. Zimekazwa vizuri, hakuna tatizo, ila kazi yote ilikuwa bure, na yeye anafuta jasho ameridhika kabisa.

Na mimi, mdomo wangu huu, siku hiyohiyo nikawaigia madereva. Nilisimama pale na mwiko, nikawa mzee: naweka tairi mbele, nakuna kichwa, nairudisha nyuma, nakuna kichwa, "Maa-ma Dee-o, hivi hii nimeshaitoa?" Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mzee alikuwa ng'ambo kule ameinama, sijui kama alisikia. Tangu siku hiyo wakampa jina, Mzee Rudia. Jina lilitoka kwenye mwiko wangu.

Kicheko kikaota miiba. Madereva wakaanza kumchunguza. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, Msukuma mkubwa, shingo kama kinu, mtu mzuri tu ila akisema kitu kimesemwa. Akaja akakaa hapa, akaniambia, "Bhibhi, mimi huyu mzee nampenda, lakini mimi nina watoto. Nikimwona anarudia tena gari ya mtu, nasema stendi nzima. Hakuna gari itakayokuja hapa." Nikajaribu kumtania, nikamwiga palepale usoni. Hakucheka hata jino.

Mzee aliyajua hayo. Siku hiyohiyo mchana alivuka barabara, akakaa kwenye benchi, kitu ambacho hakufanya mara nyingi. Akazungusha kikombe muda mrefu bila kunywa.

"Mama Deo," akasema, "nyumbani nikikaa mchana namwona marehemu. Anapita na ndoo. Hapa simwoni. Wakinitoa hapa sijui nitakaa wapi."

Nilitaka kumtania. Nikachukua birika nikamwongezea chai kwenye kikombe kilichojaa.

Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia Deo, mwanangu, tafuta fundi mwingine, huyu anasahau, na nyinyi mnapita porini kule ambako hata kusimama kukojoa mtu anaogopa simba. Ningemwambia mzee mwenyewe, mzee wangu, ziba pancha tu, tairi za watu wa abiria ziache. Kila asubuhi nilikuwa nalichukua hilo neno kutoka nyumbani, na kila jioni narudi nalo. Nilijipa moyo kwamba mikono yake bado inakaza. Akili inasahau, mikono haisahau. Nilijiambia hivyo, na gari ya Deo ilikuwa imeshamwaga oili mara mbili.

Ilikuja Jumatano. Deo akaiacha pale asubuhi, akaenda stendi kutafuta abiria, akasema atarudi baada ya adhuhuri. Niliwasikia. Mzee alichora chaki, akalegeza, akapandisha, vizuri kabisa. Alizungusha zote, akakaza, akakata mistari, akavaa kofia. Akaja kwangu kunywa chai. Nikapumua. Nikageuka kukanda unga wa chapati, na unga huo ulikuwa mwingi, maana ilikuwa siku ya mnada.

Nilipoinua kichwa kwenda kumwaga maji, alikuwa ameshaondoka kwenda kutawadha kwa jirani, na ile gari sikuipenda ilivyosimama. Nikasogea. Tairi ya kijistari kimoja ilikuwa mbele kushoto. Ya viwili, mbele kulia. Chaki mpya imepanda juu ya chaki ya zamani, mistari juu ya mistari, kama ukuta wa choo cha shule. Alikuwa amezirudisha. Nilishika nati kwa vidole nikasukuma, zote ngumu. Sawa, zimekaza. Ila mtu yeyote anayezijua zile chaki angeona kilichotokea, na madereva wote walikuwa wanazijua.

Na mbele kule, kwenye kona, naona lile lori linakuja, shingo ya Msukuma imejaa dirishani.

Nikachovya ncha ya kanga kwenye maji. Nikafuta tairi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilifuta haraka kama mtu anayefuta kojo la mtoto kabla mgeni hajaingia. Tairi zikabaki nyeusi, safi, hazisemi kitu. Nikarudi kwenye sufuria zangu. Lori likasimama, Msukuma akashuka, akaagiza chapati mbili, akaitazama gari ya Deo, hakuona cha kutazama. Nilijiona mjanja. Nilimwongezea na supu ya maharage.

Mzee akarudi kutoka kusali. Mimi nilikuwa na wafugaji watatu wanataka uji wote kwa wakati mmoja, mmoja analalamika hauna sukari, mwingine sukari imezidi, uji wa sufuria moja. Nikatupa jicho ng'ambo. Nikamwona mzee amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, spana mkononi, mabega yanakwenda. Nikasema moyoni, huyo anakaza mara ya mwisho, Mungu ambariki. Kwa mbali, kukaza na kulegeza ni kitu kimoja. Bega ni lilelile.

Hakuona chaki, mnanielewa? Chaki ndiyo ilikuwa kumbukumbu yake. Nimeifuta, basi kwake kazi ilikuwa haijaanza. Alikuwa anaanza upya, analegeza kabla ya kupandisha jeki, kama alivyofanya maisha yake yote. Kwa nini hakuanza na chaki, sijui. Labda na hilo lilikuwa limeshaanza kumtoka. Nyuma kushoto amemaliza kulegeza. Kulia ameshika mbili, tatu.

Deo akatokea na abiria wake, mbio mbio, mama mmoja wa Usevya ana gunia la mbegu, wazee, watoto mgongoni. "Tayari, mzee?"

Mzee akasimama. Akatazama gurudumu, akatazama jua. Kofia ilikuwa chini, tupu, kwa sababu nati zote zilikuwa bado mahali pake. Akaiokota, akaikung'uta, akaivaa.

"Tayari," akasema. "Ukifika Sitalike simama, kaza tena."

Alikuwa akimwambia kila dereva hivyo, na kila dereva alikuwa akisema ndiyo. Deo akapunga mkono. Alikuwa na haraka. Hakusimama Sitalike.

Gurudumu lilitoka porini, katikati ya hifadhi, pale ambapo hakuna nyumba wala mtu wa kumwita. Deo anasema aliliona linampita upande wa dirisha la kushoto, linakwenda peke yake, akajiuliza la nani hilo. Halafu gari ikalala. Yule mama wa mbegu alivunjika paja. Deo mkono wake wa kushoto ulibanwa, vidole viwili hospitali waliviondoa. Wengine michubuko. Walikaa pale na mbung'o wanawauma, mama yule analia, mbegu zimemwagika barabarani, mpaka lori likapita. Ndiyo, lori lilelile. Msukuma ndiye aliyewabeba.

Mimi habari ilinikuta na mwiko mkononi. Nilijua kabla aliyeileta hajamaliza kunisimulia. Sikulia. Niliangalia ncha ya kanga yangu, ilikuwa bado na weupe.

Watu wakaamua kwamba mzee alilewa, kwa sababu ulevi unaeleweka. Hakujitetea. Alikuja kila siku, akafungua kijiwe chake, akakaa. Hakuna gari iliyosimama. Pampu ilinyamaza. Asubuhi alikuwa ananisalimia mara moja tu, kwa uangalifu, kama mtu anayehesabu. Nilimpelekea uji. Sikumwiga tena, na yeye siku moja akaniuliza, "Mbona huniigi siku hizi?" Nikasema koo linauma.

Halafu Deo akaja. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, amekonda. Alisimama barabarani katikati, mama yake upande huu, mzee upande ule. Madereva walikuwepo, watano sita, Msukuma naye. Hakuna aliyetafuna.

Mzee aliinuka. Alikuwa ameshika spana, sijui ya kazi gani. Hakumtazama Deo. Alinitazama mimi.

"Mama Deo," akasema, kwa ile sauti, polepole, "siku ile niliweka chaki?"

Watu wote wakanigeukia. Hilo ndilo lilikuwa la kwangu kujibu, hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na jibu lake. Ningesema uliweka mzee wangu, uliweka, uliweka mara mbili, na nati zilikuwa ngumu, nilizishika kwa vidole vyangu, mimi ndiye niliyefuta. Mwanangu anasikia. Mkono wake ule pale, umefungwa kitambaa cheupe.

"Sikuona, mzee," nikasema. "Nilikuwa na wateja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa taarifa aliyokuwa anaingojea. Akainama kuweka spana chini, hakujua aiweke wapi, akabaki ameinama nayo.

Deo akavuka, akaichukua kwa mkono wake mzima.

"Nenda nyumbani mzee, usiguse tena gari ya mtu."